Laptopu Iliyouzwa Bila Kuzimwa

Guy alikuwa fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi. Meza yake ilikuwa kando ya njia ya sokoni, karibu na wauza nyanya. Kila asubuhi alifika kabla yao. Hakuweza kukaa bure. Akikosa nguo ya kushona, alifungua cherehani akaitia mafuta. Akimaliza mafuta, alichukua ufagio. Watu waliomjua tangu Bukavu, kule Kongo, walisema kwamba Guy alijifunza kutembea kabla ya kutambaa.

Mkewe, Darlène, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alifikiri kwanza, kisha akasema. Bukavu alimaliza sekondari, na hapa Malawi akajifunza Kiingereza vizuri. Kwenye zahanati ya kambi aliwasaidia wagonjwa. Mgonjwa akisema Kiswahili, Darlène alimwambia muuguzi kwa Kiingereza. Muuguzi akijibu, yeye alirudisha jibu kwa Kiswahili. Binti yao mdogo, Charlène, alizoea kulala mgongoni kwa mama yake kazi hiyo ikiendelea.

Mwaka 2013 Darlène alipata habari njema. Shirika moja la afya lilitafuta mtu wa kuandika masomo kwa Kiswahili, kwa ajili ya wajawazito na kina mama wenye watoto wachanga. Masomo hayo yangesomwa zahanatini asubuhi, wakati watu wanasubiri kuonwa. Walimjaribu, wakaipenda kazi yake. Sharti lilikuwa moja tu: awe na laptopu yake mwenyewe. Zile za kituo cha kompyuta zilikuwa chache, na foleni yake haikuisha.

"Basi, hii kazi itapewa mwingine," Darlène alisema.

"Haitapewa mwingine," Guy alijibu. "Mi niko na mashine mbili, na mikono yangu njo hii tu. Moja naiuza."

Mashine ya pili ilikuwa ya kufunga pindo, ile ambayo mafundi huiita overloki. Ndiyo iliyomletea wateja wa sare za shule. Darlène alimwomba afikiri tena. Lakini Guy alikuwa ameshasimama, ameshavaa viatu. Kabla ya jua kuzama overloki ilikuwa imebebwa kwenye baiskeli kwenda kwa fundi mwingine.

Guy aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akapewa ya siku moja. Alipanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi barabara ya lami. Mwendesha baiskeli alikanyaga polepole, na Guy nyuma yake alikanyaga hewa, kana kwamba angesaidia. Kutoka hapo alichukua basi dogo hadi Lilongwe, akashuka, akatembea mpaka mtaa wa Kawale.

Huko alizunguka maduka. Bei ya mashine mpya haikusemeka. Hatimaye aliona kibanda chenye meza ya laptopu zilizotumika. Mwenye kibanda aliitwa bambo Msosa, yaani bwana Msosa. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye fulana ya timu ya mpira. Laptopu moja nyeusi ilikuwa imewashwa tayari. Ilionyesha picha ya milima na kupiga wimbo.

"Hii ilikuwa ya ofisi," Msosa alisema. "Watu wa ofisi wanatunza vitu. Gusa mwenyewe."

Guy alijua Kichewa cha sokoni, kilimtosha. Aligusa. Alipapasa kifuniko, akakagua bawaba, akabonyeza herufi moja moja. Hazikukwama. Alifurahi.

"Naomba kuizima, niiwashe tena," alisema.

Msosa alitikisa kichwa. "Ya nini? Betri itaisha bure, na leo hapa hatuna umeme. Ukimaliza kutumia, funga kifuniko tu. Ukifungua, inaamka. Ndivyo zilivyo hizi za ofisi."

Guy alitazama jua. Alifikiria basi, kabaza, na ruhusa iliyokuwa inaisha jioni. Alilipa. Hakuomba risiti, na Msosa hakumpa. Alipewa chaja na namba ya simu iliyoandikwa kwenye kipande cha boksi.

Jioni hiyo nyumba yao ilijaa majirani. Darlène alifungua kifuniko, na milima ikatokea. Alikaa nayo mapajani, akaandika somo lake la kwanza, lile la mama mjamzito na malaria. Guy alisimama nyuma yake, akahesabu mistari ikishuka kwenye kioo. Alilala kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku iliyofuata umeme ulikatika. Darlène alikuwa bado anaandika. Betri ilikuwa imechoka, ikaisha mara moja, na kioo kikawa cheusi. Umeme uliporudi, alibonyeza kitufe cha kuwashia.

Milima haikutokea. Kulitokea kioo cheusi chenye picha ndogo ya kufuli na kisanduku kitupu cha kuandikia neno la siri.

"Papa Charlène," aliita. "Kuja uone. Iko inaomba pasiwedi."

"Pasiwedi gani? Jana haikuomba."

"Leo inaomba."

Walijaribu jina la Msosa. Walijaribu namba za kawaida, moja mbili tatu nne. Baada ya kukosea mara ya tatu mashine ilipiga mlio na kugoma. Kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba imefungwa. Waliizima, wakaanza tena. Ikawa vilevile. Guy alimpigia Msosa simu. Simu haikupatikana. Alipiga tena akiwa mlangoni, akapiga akiwa njiani, akapiga akiwa amesimama kisimani bila ndoo.

Tangu siku hiyo Guy hakutulia. Alishona mkono wa shati kinyume, akaufumua, akaushona kinyume tena. Mzazi mmoja aliyeleta sare za watoto aliuliza overloki iko wapi. Alipoambiwa imeuzwa, alikunja vitambaa vyake akaondoka. Darlène alijua kwamba shirika lilisubiri masomo ya kwanza. Alianza kuandika upya kwa kalamu, lakini shirika halikutaka karatasi.

Jirani yao Nsabimana, aliyekuwa na kibanda cha kuchaji simu, alikuja na ushauri.

"Lilongwe, mtaa wa Mchesi, kuko mtu anavunja hizi pasiwedi," alisema. "Humuulizi kitu, naye hakuulizi kitu. Ao fungua wewe mwenyewe. Ndani kuko kabetri kadogo ka mviringo. Ukikatoa, inasahau yote."

Darlène alisema wangoje. Alitaka kwanza kumwona Mama Vénérande, aliyefundisha kompyuta kwenye kituo, lakini mama huyo alikuwa mjini Dowa kwa mafunzo. Guy alisema atangoja. Mke wake alipokwenda zahanatini, alichukua bisibisi ya cherehani.

Aligeuza laptopu chali. Hapo, kwa mara ya kwanza, aliangalia tumbo lake. Palikuwa na alama ya kibandiko kilichokwanguliwa kwa kisu. Herufi chache za bluu zilibaki, na sehemu ya namba. Mtu alikuwa ametaka jina lile lisisomeke.

Guy alifungua skrubu. Alikiona kibetri, akakitoa, akangoja, akakirudisha. Aliwasha. Saa ya mashine ilikuwa imepotea. Kufuli lilikuwa palepale.

Alikaa chini akitazama ile alama ya kisu. Neno lilimjia, akalifukuza, likarudi. Mwizi. Kama mashine hii iliibwa, aliyenayo sasa ni nani? Ni yeye Guy, mkimbizi, bila risiti. Polisi wakija, atawaonyesha nini? Kipande cha boksi?

Aliificha ndani ya gunia la vitambaa. Baadaye akaona gunia haliaminiki, akaihamishia nyuma ya debe la unga. Mbwa wa jirani akibweka, alitoka nje kuangalia. Darlène alimuuliza anaficha nini. Alimwonyesha kibandiko. Naye akamvuta Charlène karibu.

Kesho yake wazo baya lilimwingia Guy akiwa mezani kwake, na lilimwingia kama wazo jema. Alikumbuka kwamba Épitace, Mrundi mmoja wa kanisani kwao, alikuwa anatafuta laptopu. Épitace alikuwa katibu wa kwaya na muuza sabuni. Angeweza kumwambia kwamba inahitaji kuchajiwa tu. Si ndivyo na yeye alivyouziwa?

Alichukua mfuko, akatia laptopu, akaenda mbio bila kufunga meza yake.

Épitace alikuwa nje ya nyumba akikata miche ya sabuni kwa waya. Alifuta mikono, akamletea kiti. Alifunua mfuko, akatazama kifuniko cheusi kinachong'aa.

"Ni nzuri," alisema.

"Betri imeisha," Guy alisema. "Utaijaribu kwanza?"

Épitace alicheka kidogo. "Ya nini nijaribu? Ingekuwa ya mtu wa barabarani, ningejaribu. Hii iko yako, Papa Guy. We ulishona nguo ya ndoa yangu na nikalipa baada ya mavuno." Alimgeukia mkewe aliyekuwa ndani. "Spès, lete ile akiba yetu."

Guy alimsikia Spès akisogeza vyombo ndani. Alisikia sanduku likifunguliwa. Alisimama.

"Hapana," alisema. "Mwambie arudishe."

"Kuna nini?"

"Hii kitu haiwake. Iko na pasiwedi, na mi sijui ya nani. Nilikuja kukutupia mzigo wangu."

Épitace alifunga mfuko polepole, akamrudishia. Hakumwambia karibu tena, wala hakumfukuza. Guy alirudi nyumbani kwa njia ndefu, nyuma ya mashamba ya mahindi, ili asikutane na mtu.

Alipofika alimkuta Darlène na mgeni. Mama Vénérande alikuwa amerudi. Alikuwa mama mrefu mwenye miwani, mkali kidogo darasani, lakini nje ya darasa alipenda kuzungumza na watu. Guy aliweka mfuko mezani, akaeleza kila kitu, hata safari yake ya kwa Épitace. Darlène aliinamisha uso. Vénérande aliwasha mashine, akatazama lile kufuli, akatikisa kichwa.

"Hii si pasiwedi ya Windows," alisema. "Musikilize. Fikirini nyumba iko na uzio. Mlango wa chumba, njo Windows. Ukipoteza funguo ya chumba, fundi anaweza kukusaidia, ao anakuwekea Windows mpya. Lakini hii iko lango la inje. Iko ndani ya mashine yenyewe. Inauliza kabla ya kuamusha Windows."

"Kwa hiyo nikiweka Windows mpya?" Guy aliuliza.

"Utakuwa umenunua kitanda kipya, na ungali umesimama inje ya lango."

"Na kile kibetri? Nsabimana alisema itasahau."

"Kuna mashine zinasahau. Hizi za maofisi nyingi hazisahau. Zilitengenezwa hivyo kusudi mwizi asipate faida. Na yule wa Mchesi anaweza kuivunja, kweli. Anaweza pia kuiua. Na akifaulu, utakuwa umevunja lango bila kujua ni la nani."

Guy alikuwa akizunguka chumba. Kilikuwa chumba kidogo, alifika ukutani haraka na kugeuka. "Lakini kwa muuzaji ilifanya kazi. Niliona na macho yangu. Hata hapa ilifanya kazi."

"Ilikuwa imelala. Haikuzimwa," Vénérande alisema. "Ukifunga kifuniko, inalala. Ukifungua, inaamka, haiulizi kitu langoni kwa sababu ilikuwa ishaingia. Lango linaulizwa tu wakati inawashwa kutoka kuzimwa kabisa. Kwa hiyo muuzaji alikukataza kuizima. Papa Guy, we ukinunua kitambaa, unafanya nini?"

"Nakigeuza. Naangalia ndani."

"Laptopu inageuzwa kwa kuizima. Unaizima kabisa, unaiwasha kwa kidole yako mwenyewe, unaona inafika mpaka mwisho. Muuzaji akikataza, we funga mkoba wako uende. Unageuza na tumbo yake. Ukikuta kibandiko kimekwanguliwa, unauliza. Na namba ya mashine lazima iandikwe kwa risiti, pamoja na jina ya aliyekuuzia."

Darlène aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa tufanye nini? Tuko na hii tayari."

"Kila pasiwedi ya lango iko na mtu aliyeiweka. Maofisi zinauza mashine za zamani, zinasahau kuitoa. Ikiwa ni hivyo, mwenyewe ataifungua bila shida. Ikiwa iliibwa, hamuwezi kuitumia kwa amani hata ingefunguka. Njia iko moja kwa zote mbili. Rudini kwa muuzaji, aseme aliitoa wapi. Muende naye mpaka kwa mwenyewe. Akikataa, mupite kwa polisi na kiongozi wa kambi, museme kabla ya kuulizwa."

"Polisi?" Guy alisimama. "Mama, sisi wakimbizi?"

"Kwa sababu hiyo. Mtu anayejileta anasikilizwa kuliko mtu anayekamatwa."

Waliomba ruhusa, wote wawili safari hii. Walimwacha Charlène kwa Vénérande. Njia nzima Guy aliukumbatia mfuko. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliingiza kichwa dirishani, akatazama abiria. Askari alitaka leseni ya dereva tu.

Kawale walimkuta bambo Msosa mezani pake, na laptopu nyingine imewashwa, inapiga wimbo uleule.

"Ilitoka hapa ikiwa nzima," alisema kabla hawajaketi. "Mmeiharibu kwenu."

Damu ilimpanda Guy. Darlène alimshika mkono. Alizungumza Kiingereza, taratibu, kama alivyozoea kwa wagonjwa wenye maumivu.

"Bambo, hatukuja kugombana. Tunauliza swali moja. Uliinunua kwa nani?"

"Kwa mnada. Ofisi moja ya kununua tumbaku iliuza mashine zake za zamani. Karatasi ninayo."

"Basi hilo ni jambo zuri. Walioweka neno la siri watalitoa. Twende kwao pamoja."

Msosa alisema hana muda. Alisema ofisi iko mbali. Alipanga upya chaja zilizokuwa zimepangwa. Darlène alingoja amalize.

"Tunaweza kwenda kwenye ofisi hiyo pamoja," alisema. "Ama tunaweza kwenda polisi pamoja. Sisi hatuna siri. Wewe chagua."

Mteja mmoja aliyekuwa anaangalia ile laptopu yenye wimbo aliirudisha mezani. Msosa alimwona. Alivuta karatasi kutoka chini ya meza, akamwita jirani yake amlindie kibanda.

Ofisi ilikuwa na lango la chuma na mlinzi. Waliketi kwenye benchi. Guy aliketi, akasimama, akaketi. Mlinzi alimkazia macho. Mwishowe waliitwa na mama aliyesimamia mali za ofisi, amayi Gausi. Alikuwa na kijana wa kompyuta pembeni yake. Alichukua karatasi ya Msosa, akageuza laptopu, akasoma namba ndogo iliyokuwa chini ya betri, ambayo kisu hakikuifikia.

Alisoma namba, akasoma karatasi. Akasoma tena.

"Tulikuuzia mashine kumi, bambo," alimwambia Msosa. "Hii haimo. Hii ilichukuliwa kwenye gari la mfanyakazi wetu."

Mlinzi alisogea karibu na mlango. Guy aliona mlango ule ukiwa mwembamba kama tundu la sindano. Miguu yake ilitaka kukimbia, na alijua kwamba akikimbia amekwisha. Aliyashika magoti yake kwa mikono miwili.

Msosa alijibu akitazama sakafu. Alisema mtu mmoja alimletea ile mashine baada ya mnada. Ilifanana na zile kumi, naye akaiweka meza moja nazo. Ndiyo, alijua inaomba neno la siri. Hata baadhi ya zile za mnada ziliomba. Ndiyo maana aliziuza zikiwa zimelala. Kibandiko alikikwangua yule mtu, si yeye.

Amayi Gausi alimgeukia Guy. "Na wewe?"

Guy alisimama. Kichewa chake kilimkimbia, akasema Kiswahili, na Darlène akamtafsiria neno kwa neno.

"Mi ni fundi wa nguo. Niliuza mashine yangu kununua hii, kwa kazi ya bibi yangu huyu. Sikuizima, sikuomba risiti. Nilikuwa na haraka. Nimeirudisha kwa sababu si yangu."

Yule mama alimtazama, kisha akatazama mikono yake iliyojaa alama za sindano.

"Ningewakuta nayo njiani, ningewaita wezi," alisema. "Mmeileta wenyewe. Nitawaita mashahidi."

Waliandikisha maelezo yao kituo cha polisi cha karibu, pamoja na amayi Gausi na kijana wake wa kompyuta. Afisa aliuliza mengi, lakini aliuliza kwa heshima. Alimwambia Msosa abaki ili amtaje aliyemletea mashine, lakini kwanza amrudishie Guy haki yake. Fedha taslimu Msosa hakuwa nazo. Jirani yake alipelekewa ujumbe, akaja kituoni na mashine mbili kati ya zile kumi za mnada.

Kijana wa kompyuta aliziwasha. Zote mbili zilionyesha kufuli.

"Hili ni kosa letu," alisema. "Tulipaswa kutoa neno la siri kabla ya kuuza."

Aliingiza neno la ofisi, akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akalifuta. Alifuta pia mafaili yote ya zamani ya ofisi. Kisha akamwambia Guy achague.

Moja ilikuwa nyepesi, inang'aa. Nyingine ilikuwa nzito kama tofali, na kona yake moja ilikuwa imevunjika. Guy hakutazama kifuniko. Alizima ile nyepesi, akaiwasha. Ilichelewa, ikazimika yenyewe. Alizima ile nzito, akangoja, akaiwasha kwa kidole chake. Ikapanda hadi mwisho bila kuuliza kitu. Akarudia. Akaigeuza, akasoma namba. Msosa alisema jua linakwenda.

"Liende," Guy alisema. "Mi nangoja risiti."

Risiti iliandikwa mbele ya amayi Gausi, yenye namba ya mashine na jina la muuzaji. Walifika kambini ruhusa ikiwa karibu kuisha. Guy alipitia kwanza kwa Épitace. Alimwambia yaliyotokea, akamwomba msamaha. Épitace alimsikiliza akiendelea kukata sabuni. Guy alipomaliza, Épitace alimletea kiti.

Kesho yake Vénérande alikuja kuangalia. Alimwonyesha Darlène namna ya kuweka neno lake mwenyewe la siri, moja tu, kwenye mlango wa chumba, yaani Windows.

"Neno la siri si adui," alimwambia. "Linakulinda. Lakini ulikumbuke, na mtu mmoja unayemwamini alijue. Na kazi yako uiweke pia pahali pengine, kwa kifaa kidogo cha kuhifadhia mafaili ama kwa mtandao. Umeme ukikatika, usilie tena."

Darlène aliandika somo la malaria kwa mara ya tatu. Alisema la tatu lilitoka zuri kuliko yote. Shirika lilipokea, likaomba mengine. Siku somo hilo lilipoanza kusomwa zahanatini, kina mama kwenye benchi waliacha kuzungumza wao kwa wao. Mmoja wa Uvira alimgusa Darlène begani, akauliza kama ni kweli kwamba hata chandarua kilichotoboka kinaweza kushonwa kikafaa.

Guy alikaa mwaka mzima bila overloki. Pindo alizishona kwa mkono, na wateja wa sare walirudi mmoja mmoja. Watu walimwita kabla ya kwenda mjini kununua laptopu au simu. Aliwaambia wote jambo lilelile, huku akitafuta kiatu chake ili awasindikize.

Miaka ikapita. Laptopu nzito ilichoka, lakini bado iliandika. Darlène alipopata mpya, msichana mmoja aitwaye Irakiza, aliyetaka kuanza masomo ya mtandaoni, alikuja kuinunua ile ya zamani. Alikuwa na haraka. Alisema anamwamini Mama Charlène, hana haja ya kuijaribu.

Darlène alimkalisha. Alihamisha masomo yake yote, akayafuta kwenye mashine, akatoa neno lake la siri mbele ya macho ya msichana. Alimpa risiti ya zamani, akamwandikia mpya. Kisha akaizima kabisa, mpaka taa ya mwisho ikafa, akaisukuma upande wa pili wa meza.

"Sasa washa we mwenyewe," alisema. "Sisi tunangoja."